Kamera Inamkonyeza Bibi Harusi

Baba yangu alipiga picha za watu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akikiri kwamba picha yake imeharibika. Picha za wenzake ndizo zilizoharibika. Za kwake "zilitoka". Ukimuuliza siri ni nini, alikunyooshea kidole usoni, nusura akutoe jicho, akasema, "Uso kwanza! Mengine baadaye." Mtaa mzima ukamwita Uso Kwanza, na mimi shuleni nikawa Binti Uso Kwanza, jina lililonifanya nipigane zaidi ya mara mbili.

Maana ya msemo wake ilikuwa hivi. Jua la mchana hupiga kutoka juu na kuyaacha macho ya mtu gizani, chini ya paji la uso. Mpiga picha mwoga hutazama mawingu na mashati meupe, akabana mwanga, halafu anakukabidhi picha yenye shati safi na meno, mwenye meno haonekani. Baba alishaapa kwamba hatamfanyia binadamu jambo hilo. Tundu la lenzi, ambalo hupanuka namba ikishuka, aliliweka nane, pana kuliko walivyothubutu wenzake, na kasi ya kufunga akaiweka mia na ishirini na tano, kisha asiguse tena. Nane kwa mia na ishirini na tano. Alivyoitamka, ungedhani anataja nyumba anayoishi. Na kweli nyuso zilitoka, hadi kovu dogo la nyusi, hadi mikunjo ya bibi kizee aliyetamani isitoke.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu kati ya duka la vitambaa na fundi viatu. Mbele palikuwa na benchi, kioo cha kujitazamia, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho kichwani. Ukutani lilining'inia pazia lililochorwa maporomoko ya maji, nasi tulipokuwa wadogo tuliamini Baba aliwahi kufika huko. Nyuma kabisa palikuwa na mlango wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi. Huko ndiko alikokaa mama yangu.

Mama ndiye aliyesafisha picha. Wateja walimwita Mama Giza, naye alicheka tu, maana alikuwa mweupe wa moyo kuliko wote waliokaa juani. Chumbani mwake mliwaka taa moja nyekundu, na vidole vyake vilinuka siki ya dawa hata siku za mapumziko. Tulikatazwa kufungua mlango, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulikaa nje yake kwenye mkeka na madaftari yetu, tukimsikiliza akihesabu. "Moja... mbili... tatu..." Alihesabu hadi nane, akanyamaza, karatasi ikachakarishwa kidogo, halafu akaanza upya tangu moja, safari hii hadi kumi, au kumi na mbili. Mdogo wangu alijifunza hesabu kupitia mlango huo. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alimwambia ahesabu hadi ishirini. Akafika nane, akanyamaza, akavuta pumzi, akaanza tena na moja. Alirudishwa nyumbani na barua.

Zilipokuja filamu za rangi, mama alizipeleka mwenyewe kwenye maabara kubwa mjini. Hakuziacha mapokezini kama wengine. Alisimama nyuma ya mtu wa mashine hadi picha ya mwisho itoke, na Baba alikuwa akilalamika kwamba mke wake anapenda kupiga soga na watu wa maabara. Kisha zama za filamu nazo zikapita. Miaka mitano iliyopita mama alitutoka, na chumba chake kikawa stoo.

Baada ya hapo Baba alikaa kwenye benchi lake akitazama maporomoko ya maji, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Nikaona huyu atatufia mikononi. Nikamnunulia kamera ya dijitali. Kwa picha za pasipoti hakuwa na shida, taa zake za ndani anazijua kama ndugu zake. Balaa lilikuwa nje. Akitoka juani, picha zilirudi nyeupe pe, anga hakuna, nguo hakuna, watu wanaelea kama wamemwagiwa unga. Wateja wa nje wakapungua, wakapungua tena, wakaisha. Baba akasema watu siku hizi hawana shukrani.

Mimi ni fundi cherehani, na sina uvumilivu wa mama yangu, hilo niliseme mapema. Mwaka huu mdogo wangu, Kitinda wetu, alipopata mchumba, nilimshonea gauni la harusi kwa mikono yangu. Kifuani nilitia marinda madogo sitini na manne, moja moja kwa sindano, majuma matatu, shingo imekakamaa. Zikiwa zimebaki siku tisa, Kitinda alilivaa kulijaribu, na Baba akatutoa uani ili apige picha ya kwanza. Alifurahi kuliko bibi harusi mwenyewe. Alikuwa ameshapiga harusi za mtaa mzima, na hii ya kitindamimba wake ndiyo aliyoisubiri.

Tulipoitazama picha kwenye kompyuta yangu, niliikuza, nikaikuza tena. Uso wa Kitinda ulitoka, sikatai. Chini ya shingo palikuwa na doa jeupe lenye umbo la mtu. Hapakuwa na rinda hata moja. Ningemvalisha shuka la kitanda ingekuwa yale yale.

"Imetoka," Baba akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Kitinda alinivuta chumbani na kufunga mlango. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Dada, siwezi. Siku yangu yote itakuwa nyeupe hivi. Mwambie Baba siku hiyo awe mgeni tu, akae mbele, ale, apumzike. Tutatafuta mpiga picha mwingine."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Kwa sababu nitalia. Wewe hulii, wewe unagomba tu."

Alisema kweli. Lakini nilijua pia kwamba siku Baba atakapokaa kitini kwenye harusi ya mwanawe wakati mtu mwingine ameshika kamera, hataishika tena maishani. Kamera ndiyo iliyomtoa kwenye lile benchi. Nikamwomba Kitinda anipe hadi Jumapili.

Nilianza na lenzi. Nikaisafisha kwa kitambaa laini, nikapiga mbele ya duka, ikawa nyeupe vile vile. Nikampeleka Baba kwa daktari wa macho, akanuna njia nzima, na daktari akasema macho haya yataona hadi vitukuu. Basi tukaenda kwa fundi wa vifaa vya umeme, jamaa mpole ambaye meza yake imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Aliigeuza kamera, akapiga picha tatu mlangoni kwake, zikatoka safi na mawingu yake.

"Kamera haina ugonjwa, Mzee," akasema. Halafu akacheka. "Ila ile kazi uliyonipa mwaka juzi, bado hujaniambia kama ilikusaidia."

"Kazi gani?" nikauliza.

"Si alitaka nimzimie ule mwanga unaopepesa?"

Nikamgeukia Baba. Baba alikuwa anasoma tangazo la betri ukutani kwa makini makubwa.

"Baba, mwanga gani huo?"

"Kamera ilikuwa haina adabu," akasema bila kugeuka. "Kila nikimpiga mwanamke aliyevaa nyeupe, nikitazama kioo chake cha nyuma, gauni linakonyeza. Jeusi, jeupe, jeusi, jeupe. Mume yuko hapo hapo, wakwe wako hapo hapo, kamera inamkonyeza bibi harusi! Nilimwambia fundi aizime, nikaona aibu hata kueleza."

Sijui nilicheka au nilipiga kelele. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha maelekezo, kwa herufi zake za sisimizi, na nilikumbuka ukurasa wake. Kukonyeza huko ndiko kulikokuwa kengele ya hatari. Kila mahali ambapo mwanga umezidi mno hadi hakuna kitu kilichohifadhiwa, kamera hupepesa kioo chake ili mpigaji arudie. Chombo cha watu kilijaribu kumwambia Baba kwamba anaunguza nguo, naye akakiziba mdomo miaka miwili mizima kwa ajili ya heshima ya wanandoa.

Fundi aliiwasha tena ile alama. Jumamosi asubuhi nikaanika shuka jeupe kwenye kamba uani na kumwambia Baba apige anavyopiga siku zote. Alisimama, akakaza mguu wa kushoto mbele, akapiga. Shuka lote likakonyeza.

"Umeweka ngapi?"

"Unaniuliza? Nane kwa mia na ishirini na tano."

"Punguza, Baba. Weka tundu kumi na sita."

"Uso utapotea."

"Shuka lina uso?"

Akabana hadi kumi na sita, kwa shingo upande. Shuka likatoka na mikunjo yake yote, pamoja na kile kiraka ambacho sikutaka kionekane. Halikukonyeza. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kufurahi, kumbe ndiyo kwanza nimemchokoza.

"Sasa nieleze wewe unayejua," Baba akasema. "Miaka thelathini na minane, jua hili hili, nane kwa mia na ishirini na tano, magauni yalitoka. Lesi ilitoka. Vifungo vilitoka. Nenda katazame nyumba za watu! Kama namba yangu ni mbaya, zile zilitokaje? Hii kamera ni mbovu, na wewe unanitafutia uzee." Akaiweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingia ndani.

Swali lake lilikuwa la haki. Nikachukua ufunguo wa stoo.

Sikuwa nimeingia mle tangu mazishi. Mashine ya kukuzia picha bado ilisimama kwenye kona, imefunikwa kanga ya mama, na ile harufu ya siki ilikuwa haijaisha. Kisha nikafungua kabati la chuma zilimokaa negativu, kila harusi kwenye bahasha yake, nikachukua moja na kuinua ukanda wa filamu kwenye mwanga wa mlango. Kwenye negativu mambo huwa kinyume: cheupe huonekana cheusi. Mahali pa gauni palikuwa peusi tii, pazito kama lami. Nikachukua ya pili, ya tatu. Zote hivyo hivyo. Baba alikuwa akizidisha mwanga tangu siku ya kwanza.

Nikageuza bahasha. Nyuma yake palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli, ule uliotia saini kwenye ripoti zangu za shule.

"Uso 8. Gauni 12 zaidi."

Nyingine: "Uso 8. Gauni 10. Mawingu 20."

Nyingine: "Jua limemzidi tena baba watoto. Gauni 15, mkono umeuma."

Nikakaa chini, juu ya ndoo ya dawa za zamani. Kumbe tuliyokuwa tukiyasikia kwenye mkeka ni haya. Hadi nane aliimulika picha nzima, na Baba akapata nyuso zake. Kisha alichukua kipande cha kadi chenye tundu katikati, ambacho nilikiona kimening'inia hapo hapo ukutani, akaziba kila kitu na kuacha mwanga ushuke juu ya gauni peke yake, maana karatasi ile hukolea kadiri inavyomulikwa, akihesabu tena, hadi lesi ikaingia karatasini, hadi vifungo vikaja kimoja kimoja. Alifanya hivyo kwa kila harusi na kila nakala, akiwa amesimama. Na ile maabara ya mjini, hakwenda kupiga soga. Alikwenda kumwambia mtu wa mashine abane hapa, aongeze pale. Filamu ilihifadhi kila kitu kwa wingi, ilitaka tu mtu wa kukitoa. Kamera yangu ya dijitali ikishaunguza, imeunguza, na mama hayupo.

Nyuma ya kila picha tuliyouza palikuwa na mhuri: Picha na Uso Kwanza. Niliona hasira kwanza, niseme ukweli. Niliona hasira kwa niaba ya mkono ule ulioumwa. Kisha nikafika kwenye bahasha moja ya harusi iliyopigwa siku ya mawingu mazito, na nyuma yake mama alikuwa ameandika: "Leo jua hakuna. Uso 8. Gauni hakuna. Nimepumzika." Siku hiyo gauni halikudai hesabu ya pili. Hakuwa ameandika kwa kinyongo. Aliandika kama mtu anayecheka peke yake, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Umepata?" Baba alikuwa mlangoni.

Ningeweza kuzirudisha kabatini. Ningesema kamera ni mbovu, akawa mgeni kwenye harusi na kichwa chake kikabaki juu. Niliwaza hivyo kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikampa zile bahasha, kwa sababu bila kujua ukweli huu asingekubali kuigeuza namba yake hata tungekesha tukibishana.

Alisoma ya kwanza akiwa amesimama. Ya pili akaegemea mlango. Alisoma zote nilizozitoa, kisha akaja kabatini akatoa nyingine mwenyewe.

"Nilikuwa nagonga mlango," akasema mwishowe. "Nagonga nasema, wewe mwanamke, picha moja unakaa nayo saa nzima, wateja wananisubiri. Anajibu, 'Nakuja, mpiga picha wangu.' Hivyo tu. 'Nakuja, mpiga picha wangu.'" Akafuta uso kwa kiganja. "Na mimi natoka nje najisifu."

"Hakutaka ujue, Baba."

"Hakutaka. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza." Aliishika ile bahasha ya siku ya mawingu, akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Niletee hiyo kamera. Na shuka uliache kwenye kamba."

Tulifanya mazoezi kutwa nzima, na Jumapili tena. Baba aliingia kwenye kazi hiyo kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Aligundua mwenyewe kwamba akimtoa mtu juani na kumweka kwenye kivuli cha ukuta, halafu shuka jeupe likashikwa mbele yake limrudishie mwanga, uso unatoka na nguo inabaki. Aligundua kwamba kioo cha nyuma hudanganya kikiwa juani, kwa hiyo alijifunika koti kichwani ili akitazame, na majirani wakauliza kama mzee anaumwa. Kila picha ikikonyeza alisema, "Haya, nimekusikia," akabana tundu, akarudia. Kitinda alituchungulia dirishani. Jioni alinipitia jikoni, akasema kwamba alikuwa ameshampata mpiga picha mwingine, na sasa amemwambia asije.

Siku ya harusi jua liliwaka bila huruma, hakuna hata wingu la kumpa mtu ahueni. Watu walijipanga katikati ya uwanja kama kawaida. Baba aliwahamisha wote, wakwe na vitambi vyao, hadi kwenye kivuli cha ukuta mrefu. Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti kwamba mzee siku hizi anaogopa jua. Mimi nilishika shuka, mikono juu, nikitoa jasho ndani ya nguo yangu nzuri. Baba alikaza mguu wa kushoto mbele. Midomo yake ilikuwa inacheza, nami nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia. Alikuwa anahesabu.

Akapiga. Akajifunika koti kichwani, akakaa humo hadi watu wakaanza kutazamana. Alipotoka alinisogezea kamera. Uso wa mdogo wangu ulikuwa pale, na kicheko chake na kidoti cha shavuni. Na marinda yangu yalikuwa pale, yote sitini na manne, ungeweza kuyahesabu. Hakuna kilichokonyeza. Mimi nisiyelia nililia mbele ya wakwe, shuka mkononi.

Wiki iliyofuata tulisafisha picha ile kwa karatasi nzuri. Baba alitafuta bahasha ya zamani, akaitia ndani, na nyuma yake hakupiga mhuri. Alichukua penseli, akaandika taratibu kwa mwandiko wake mbaya: "Jua kali. Uso umetoka. Gauni hakuna. Pumzika." Akaiweka kabatini, mwisho wa safu ya mama, kisha akaniuliza kama kuna chai.